Turudi Hemani kwa Furaha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na swali la dada yetu mmoja. Baada ya maombi ya Jumatano alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, sisi tuliondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania tukimshukuru Mungu kwamba mambo ya hema yamekwisha. Sasa wewe na baba mnajaza mafuta gari, mnaenda kulala tena hemani porini. Mnatafuta nini?" Siku ile sikumjibu. Swali ni zito, hasa wakati huu ambapo ndugu zetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wamelala chini ya maturubai bila kupenda. Nimekaa nalo mbele za Bwana, na leo nawaletea nilichopokea.

Mnaijua Mambo ya Walawi 23. Mungu anazungumza na watu ambao wataingia Kanaani, watakaa katika nyumba, watavuna mpaka ghala zijae. Na anawaagiza kwamba kila mwaka, mavuno yakishaingia, watoke nje wakakae katika vibanda siku saba, ili vizazi vyao vijue ya kuwa ni Yeye aliyewakalisha vibandani alipowatoa Misri. Angalieni kwamba hakuwaita kwenda kuomboleza. Kumbukumbu la Torati 16:14 inasema, "nawe utafurahi." Vibanda vile vile walivyolala ndani yake wakiwa hawana kwao, Mungu alivifanya sikukuu. Tena katika furaha hiyo akawataja mgeni, yatima na mjane, maana anayekumbuka hema lake mwenyewe hawezi kumsahau aliye hemani leo.

Mume wangu alifika Nyarugusu akiwa mtoto, mwaka ule wa 1996 kambi ilipofunguliwa. Julai hii tulitoka Sioux Falls, hapa South Dakota, Marekani, tukashika barabara kuu ya Interstate 90 kwenda magharibi. Mpaka mto Missouri ni mahindi na soya, mambo tuliyoyazoea. Ukishavuka daraja pale Chamberlain, mashamba yanaanza kupungua, na kadiri unavyosonga unabaki na nyasi na anga tu. Upepo unazilaza nyasi zote upande mmoja, halafu zinasimama tena. Mimi nilikuwa naisoma Zaburi 103 kwa sauti garini: "Mwanadamu siku zake zi kama majani, kama ua la kondeni ndivyo asitawivyo." Nimeisoma zaburi hiyo kwenye mazishi mengi. Pale niliisoma nikiwa hai, mume wangu yuko kando yangu, na ikanitia shukrani.

Tulipiga hema Sage Creek, ndani ya hifadhi ya Badlands. Hakuna umeme, hakuna bomba la maji. Nyati wa Marekani wanapita karibu na mahema, nawe unatakiwa kukaa mbali nao kiasi cha mita 90. Zamani walikuwa mamilioni katika nyika hii; waliwindwa mpaka karibu wote wakaisha, na hapo Badlands walirudishwa mwaka 1963. Walakota, wenyeji wa asili wa nchi hii, ambao chakula chao, mavazi yao na hema zao vilitoka kwa wanyama hao, walinyang'anywa vyote pamoja na nchi. Kusini ya pale ni Wounded Knee, ambako wanajeshi wa Marekani waliwaua wanaume, wanawake na watoto wa Walakota Desemba 1890. Tuliwaombea wazao wao. Sisi tuliofukuzwa kwetu hatuwezi kupita nchi hii kana kwamba haikuwa na wenyewe.

Usiku upepo ukaja. Huko hakuna cha kuuzuia. Hema likaanza kupiga kelele, na mume wangu akaketi. Nilielewa, maana aliyelala kambini hasahau sauti ya turubai usiku. Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia tangu tuoane: jinsi mama yake, usiku wa mvua kubwa, alivyosimama ameshika mti wa katikati kwa mikono miwili ili turubai lisiwaangukie watoto, akiimba mpaka asubuhi. Wao walipata usingizi. Mama hakulala. Mume wangu alilia, nami nikalia naye, kisha akaanza kuuimba wimbo ule wa mama yake kwa Kibembe, na tukamshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama mpaka koo zikatukauka.

Wapendwa, nyumbani asingenisimulia. Hana siri na mimi. Ila nyumbani hiyo saa ya kuzungumza haipo. Yeye ana zamu ya usiku kiwandani, mimi naingia asubuhi, na wengi wenu mnaishi hivyo hivyo. Mnakutana mlangoni, mnapokezana mtoto na ufunguo wa gari kama kijiti cha mbio, basi. Niseme wazi, na mnisikie kama mama yenu. Tulikimbia risasi tukiwa tumeshikana mikono. Tulipanga foleni ya posho pamoja, tukagawana dengu moja. Na sasa ndoa zilizovuka Ziwa Tanganyika na vita zinafia katika nyumba zenye vyumba vitatu, kwa sababu ya ovataimu! Kaka yangu unayeongoza sifa kila Jumapili, mara ya mwisho mkeo alikueleza la moyoni lini? Petro anakwambia ukae na mkeo kwa akili na kumpa heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Unafunga, unakesha, unauliza kwa nini mbingu zimefungwa. Anza na yule mnayelala kitanda kimoja bila kuzungumza. Na dada, nawe usijifiche nyuma ya simu na michango ya harusi.

Yesu aliwaona wanafunzi wake hata nafasi ya kula hawana, akawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Aliyesema hivyo ni Bwana wa mavuno, na mavuno yalikuwa mengi siku hiyo pia. Kama Yeye aliweza kuwaambia watumishi wake waache kazi, msimamizi wa zamu hawezi kuwa mkubwa kuliko Yeye.

Kwa hiyo dada yangu, jibu langu ni hilo: tulienda kukumbuka, na tulikumbuka pamoja. Pesa tuliyobakiza kwa kutolala hotelini tumeituma Uvira, kule Kivu, kwa shangazi aliyepokea familia mbili za wakimbizi nyumbani kwake.

Shule hazijafunguliwa bado. Hema letu lipo, linatosha watu wanne, na jiko dogo la gesi lipo. Anayelihitaji anione Jumapili baada ya ibada, na watoto wenu tutakaa nao sisi. Bebeni maji ya kutosha, na vigingi vya hema mvipigilie mpaka chini kabisa.

Mama yenu katika Bwana.