Siku moja maishani mwangu: mchoraji wa Kirumba, Mwanza

Mwangaluka wadau! Wengi mnaniuliza inboksi nawezaje kuchora na bado nawajibu watu kila siku, basi nawapa siku ya jana nzima ilivyokwenda, mjionee.

Saa 11 na nusu alfajiri. Niko macho. Mwanza jua linachelewa kuchomoza kuliko Dar, linatoka kama saa 1 kasoro hivi, kwa hiyo napata kagiza kazuri ka kuchemsha chai, kuosha brashi na kuchota maji. Simu iko chumba kingine na data imezimwa toka usiku. Narudia, chumba kingine, maana ikikaa mezani hata kama haina sauti jicho linaenda tu.

Saa 1 asubuhi. Nashuka mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, na daftari na penseli. Siku hizi ni giza, mwezi hauonekani usiku, ndo wakati wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa vizuri na wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo mwaloni kumejaa, makuli wanapita na magunia, akina mama wanabishana bei, korongo wamesimama wanasubiri chao. Nachora harakaharaka, mgongo wa mtu, mkono kwenye ndoo, basi. Sipigi picha na simu. Nikipiga picha nakuwa nimeangalia mara moja, nikichora nimeangalia mara mia.

Saa 2 mpaka saa 6 mchana. Studio, mlango umefungwa. Hapa ndo siku yangu ilipo na hapa siongei na mtu. Nina picha kubwa ya nyumba za Mabatini zilivyokaa juu ya mawe, ukuta wa mtu umeegemea jiwe, jiwe limeegemea jingine, na wateja wengi wakisikia nachora mawe ya Mwanza wanataka Bismarck Rock tu, nami sikatai ni jiwe zuri sana lile, lakini Mwanza ni watu wanaoishi kwenye mawe na hicho ndo nataka kionekane. Halafu mawe yetu watu wanadhani ni ya kijivu. Yaangalie asubuhi, yana rangi ya waridi, mvua ikishanyesha yanakuwa zambarau iliyokolea. Jana nilikuwa naitafuta hiyo rangi, natumia akriliki na kwa joto hili inakauka ukiwa bado unaiwaza, inabidi kipulizio cha maji kiwe karibu muda wote na ukianza kivuli ukimalize hapohapo, sasa simu ikilia katikati ukaenda kuipokea ukirudi rangi imeshakauka kwenye paleti na ule mchanganyiko huupati tena. Kwangu ukimya ni sehemu ya vifaa, kama brashi.

Saa 6. Nawasha data. Zinamiminika. Naanza na voisi ya mzee mmoja wa Ukerewe aliyewahi kuvua dagaa, tulifahamiana hukuhuku mtandaoni, juzi nilimuuliza taa za dagaa zinakaaje maana nataka kuchora ziwa usiku. Ananijibu, "Marahaba mwanangu. Hizo taa sisi hatukuwa tunazifunga kwenye mtumbwi, tunaziweka kwenye vyelezo zinaelea zenyewe, dagaa wakishajaa pale ndo tunazungusha nyavu." Nimeisikiliza tena na tena. Maana yake mwanga unaanzia palepale majini, hauanguki kutoka juu, na watu kwenye mtumbwi wanamulikwa kwa chini, kidevu kina mwanga na paji la uso lina giza! Hiyo picha nzima imetoka kwenye simu, jamani, ndo maana siwezi kuwa upande wa wanaosema msanii aachane na mitandao.

Saa 7. Ugali na sato kwa mama ntilie, narudi.

Saa 8. Napiga picha kazi iliyokwisha. Naipeleka kwenye baraza, kivulini, sio juani na sio chini ya taa ya njano. Kwa mteja naituma WhatsApp kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na zile rangi ndogondogo zinapotea. Kazi ambayo haijaisha siiposti. Mmoja atasema ongeza machweo, mwingine ongeza twiga, wote wana nia njema kabisa, ila kesho asubuhi nitaingia studio na sauti zao zote na yangu sitaisikia.

Saa 10 jioni. Nyegezi, stendi ya mabasi, namtumia dada mmoja wa Dodoma picha yake niliyochora kwenye turubai. Naikunja upande wenye rangi ukiwa nje, karatasi laini juu yake, ndani ya bomba la plastiki. Rangi ikikunjwa kwa ndani inajibana, akija kuikunjua inaweza kupasuka. Nampigia, "Dada mzigo umepanda basi," ananiuliza ataitundika wapi, nikamwambia popote pasipopigwa na jua moja kwa moja.

Saa 1 usiku. Laivu na vijana wanaojifunza kuchora, wengine Geita, wengine Musoma. Hawa sijawahi kuwakosa na sitaki. Jana tuliongelea kupaka praima, yaani ile rangi ya kwanza ya kuandaa kitambaa, kwenye kitambaa cha marekani kwa sababu turubai ya dukani ni ghali kwa anayeanza, kijana mmoja akatuonyesha aliyoipaka yeye mwenyewe, imenyooka vizuri mno, nilifurahi kuliko siku niliyouza picha.

Saa 3 usiku. Najibu komenti zilizobaki, namuandikia mzee wa Ukerewe swali jingine, hivyo vyelezo vilikuwa vya mti gani na taa moja ilikaa umbali gani na nyingine. Nazima data. Jibu lake nitalikuta kesho saa 6.