Daftari la miti: nimefika 31, Gede imenitia adabu

Kwa mgeni wa hapa, nia yangu ni miti 60 ya asili ya huku Malindi, kila mmoja na picha ya jani na jina la kienyeji na la kisayansi. Mpaka wiki jana nilikuwa na 24, yote ya karibu na nyumbani, mkwaju, mbuyu, hiyo hiyo. Mwarobaini nimeufuta, kumbe kwao ni India na mimi siku zote nauita wa kwetu.

Jumamosi nikapanda matatu mpaka Gede. Mji ule watu waliuhama karne ya 17 msitu ukaumeza, na tangu 1927 umelindwa kisheria kwa hivo miti imeachwa ikazeeka. Sasa shida ikawa hiyo, majani yako juu huko, nazumu na simu napata ukungu wa kijani tu, mara nyingine tawi la mti mwingine kabisa. Mzee anayetembeza wageni akanitazama weee mwisho akaniambia, "Shingo itakuuma kijana, hebu inama." Nikainama. Chini ndo kuna kila kitu! Tunda la Gyrocarpus americanus lina mabawa mawili, ukilirusha linashuka likizunguka kama panga za feni, nimerusha kama mara kumi watalii wananiangalia. Mfune nao hauhitaji jani, kigogo kimenyooka hakina tawi mpaka juu na gome lake ni manjano iliyopauka. Halafu ule wa jamii ya mkuyu uliokalia kuta, mzee anasema ukiung'oa na ukuta unakuja nao.

Kima wamenila mahamri yote manne. Sange yule wa matako ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, nimemuona sekunde mbili, picha hakuna.

Hapo hapo getini kuna Kipepeo, mradi wa tangu 1993, wanakijiji wanafuga vipepeo na pupa (kiwavi akishajifunga, kabla hajawa kipepeo) zinauzwa nje. Nikamkuta mama mmoja ameleta zake, nikamuonyesha picha zangu za majani, yeye hataji mti kwanza, anataja kiwavi anayeula! Yaani anaujua msitu kwa walaji wake. Tukafika picha ya mndimu wangu wa nyumbani (nilimuonyesha tu kujisifu) akauliza, "Na hivi vidoa vyeupe na vyeusi mwanangu, umevifanya nini?" Nikamwambia mavi ya ndege, nimeyapiga maji ya sabuni. Akacheka mpaka akashika ubavu. Ni viwavi, wakiwa wadogo ndo wanavofanana.

Jioni nikapitia Mida, hori la bahari lenye mikoko, haraka maji yakianza kujaa. Mkoko una miguu, mchu unachomoza mizizi kama penseli kwenye tope na jani lake ukililamba ni chumvi, mkandaa, na mlilana kule mbele karibu na maji. Minne kwa saa moja, na ya huko majani unayafikia kwa mkono, alhamdulillahi.

Kwa hivo kila ukurasa sasa naongeza nafasi ya gome, tunda na mlaji, na ile 24 ya mwanzo itabidi niirudie yote. Mndimu leo asubuhi una viwavi watatu wapya, mke wangu anauliza mbona siupigi sabuni.