Suti Mahali pa Upanga

Tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, hutajwa zaidi kwa marufuku iliyoipata kuliko kwa yale yanayotendeka jukwaani. Ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977 katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya. Katikati ya Novemba leseni ya maonyesho ikaondolewa, na siku ya mwisho ya mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, kisha akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Historia hiyo haipuuziki. Hata hivyo, kinachonirudisha mimi kwenye kitabu hiki ni namna kinavyowachora matajiri waliookoka wanapoingia katika nyumba ya maskini.

Tajiri anaitwa Ahab Kĩoi na mkewe ni Jezebel. Mtazamaji wa Limuru aliyekulia kanisani hakuhitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu kisa cha Mfalme Ahabu na mkewe Yezebeli walivyompora Nabothi shamba lake la mizabibu, katika 1 Wafalme 21, alikwisha kukisikia tangu utotoni. Jambo ambalo husahaulika katika kisa hicho ni kwamba Yezebeli wa Biblia hakuanza kwa mabavu. Alianza kwa kuagiza watu watangaziwe mfungo, na katika mkusanyiko huo wa ibada ndipo Nabothi aliposingiziwa kumtukana Mungu na mfalme. Dini ilitangulia, shamba likafuata. Mpangilio huo ndio unaoiongoza tamthilia nzima.

Nabothi wa Limuru ni Kĩgũũnda, kibarua wa shamba la Kĩoi mwenye ekari moja na nusu, ambaye hatimiliki yake ameitundika ukutani kwenye fremu. Kĩoi anapomtembelea pamoja na wenzake wa kanisani, Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanadhani wageni wamekuja kumposa binti yao Gathoni, anayependana na John Mũhũũni, mwana wa Kĩoi. Kumbe wageni wamekuja kuwaambia kwamba wanaishi katika dhambi, kwa kuwa ndoa yao ilifungwa kimila wala haikubarikiwa kanisani. Hebu fikiria: wazazi wa binti aliyekwisha kuvunja ungo wanaambiwa ndani ya nyumba yao kwamba hawajaoana, na anayewaambia ndiye anayewalipa mshahara. Kĩgũũnda anauchomoa upanga wake uliotundikwa ukutani, na wageni wanatimua mbio.

Mwandishi mwepesi angeishia hapo, maskini akiwa ameshinda. Waandishi hawa walikwenda mbali zaidi, na ndipo tamthilia inapouma. Hasira zikishapoa, mume na mke wanaanza kupiga hesabu: pengine Kĩoi anataka wabariki ndoa kwanza ili asione aibu ya kuwa mkwe wao. Wanakwenda wenyewe nyumbani kwake kukubali harusi ya kanisani, na kwa kuwa fedha hawana, wanachukua mkopo katika benki ambayo Kĩoi ni mmoja wa wakurugenzi wake, wakiweka ile hatimiliki kuwa dhamana. Pazia linapofunguliwa tena, nyumba imebadilika. Pana viti vipya; suti ya harusi imetundikwa palepale ulipokuwa upanga; na ukutani pana picha kubwa ya Nebukadneza, sawasawa na ile iliyoko kwa Kĩoi. Mfalme huyo wa Biblia aliyekula majani kama ng'ombe kwa sababu ya kiburi amekuwa pambo la sebule za watu wenye kiburi, na sasa maskini naye amemnunua, kwa mkopo. Ucha Mungu wa kitajiri una orodha yake ya bei, na anayetaka kuhesabiwa miongoni mwa waliookoka sharti ailipe yote. (Mtu yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya harusi siku hizi ataitambua orodha hiyo mara moja.)

Gathoni anarudi nyumbani akiwa mjamzito na ameachwa. Wazazi wanakwenda kwa Kĩoi kudai haki, naye anakataa katakata mwanawe kumwoa binti wa watu kama wao. Upanga unachomolewa tena, lakini safari hii Jezebel anatokea na bastola. Kĩgũũnda anafukuzwa kazi, na deni la harusi linakula shamba.

Sidai kwamba tamthilia haina udhaifu. Gĩcaamba, jirani anayefanya kazi kiwandani, hupewa hotuba ndefu kiasi kwamba nyakati nyingine mazungumzo hugeuka mkutano wa hadhara, na yale anayoyaeleza kuhusu kanisa na wenye mali tumekwisha kuyaona kwa macho yetu jukwaani. Naelewa kwa nini wafanyakazi wa Limuru, ambao wenyewe walichangia maneno na nyimbo wakati wa mazoezi, walitaka mambo yasemwe bila kufichwa. Lakini hoja nzito kuliko zote kuhusu dini ya matajiri, kwa maoni yangu, haitoki kinywani mwa Gĩcaamba. Inatoka kwa Wangeci, mama asiye na hotuba, anayeamini kwa dhati kwamba gauni jeupe na baraka za kanisani zitamfungulia binti yake mlango wa nyumba ya Kĩoi.