Udi wa kufukiza na udi wa kupiga

Mwezi uliopita, katika walima mmoja hapa Moshi, chetezo cha udi kilikuwa kikipitishwa kati ya wageni huku vijana wakipiga dufu, ndipo mzee aliyeketi kando yangu aliponiambia: "Mwanangu, dufu linatosha. Hizi nyuzi zililetwa na watu wasioijua dini." Kwa kuwa ni mkubwa wangu, niliitikia kwa kichwa, jibu nikalimeza.

Udi tuliokuwa tukijifukiza na udi wa wapigaji wa taarabu, ile ala ya nyuzi aliyoilenga mzee, vina jina moja la Kiarabu, lenye maana ya mti. Kuhusu hukumu ya kuupiga, sibishani naye. Hata mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na aliyetetea usikilizaji wa nyimbo katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, aliziweka nyuzi upande wa haramu, ingawa sababu yake inastahili kusomwa kwa makini: kosa halikuwa utamu wa sauti, bali nyuzi zilikuwa zimekuwa alama ya vikao vya walevi.

Ninachobishia ni historia. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, aliandika risala juu ya muziki. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliuandikia kitabu kikubwa, akizipima sauti kwa hesabu pale vidole vinapobonyeza nyuzi za udi.

Anayenivutia zaidi ni Safi al-Din al-Urmawi. Alikuwa mwandishi wa hati nzuri katika maktaba ya Al-Musta'sim, khalifa wa mwisho wa Baghdad, na alisomea fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, katika madrasa ya Mustansiriyya, tena fikihi ya Imamu Shafii, madhehebu yale yale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Moshi, mzee wangu akiwamo. Mtu huyo ndiye aliyeigawa oktava, yaani umbali kutoka sauti moja hadi sauti hiyo hiyo inaporudi juu zaidi, katika hatua 17, akapanga mitindo mikuu 12 ya sauti, na nadharia yake ikafuatwa kwa karne kadhaa na waandishi wa Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Wamongoli walipouteka mji mwaka 1258 alinusurika, akaishi hadi 1294.

Tulipokuwa tukitafuta viatu mlangoni, mzee alikuwa akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Kwa masikio yangu ilikuwa katika Rast, mmojawapo wa ile mitindo 12. Nikambebea fimbo yake mpaka barabarani.