Siku yangu moja kwenye nyumba ya kale, Lamu

Watu wakisikia nafanya kazi makumbusho wanadhani kazi yangu ni kukaa kwenye kiti, kukata tiketi na kufukuza paka. Hata ndugu zangu huniuliza kwani hiyo nyumba si imeshakaa miaka yote hiyo, sasa nyinyi mnafanya nini humo. Basi hii ndiyo siku yangu ya leo.

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshaswali, nimekunywa chai ya tangawizi na mahamri mawili, natoka. Vichochoro vyetu vya Mkomani ni vyembamba, ukikutana na punda kabeba mchanga unajibanza ukutani apite.

Saa moja na nusu nafungua. Nafagia kiwanda, yaani ua wa ndani, naangalia boriti kama mchwa hajapanda usiku, nachungulia birika, yaani tangi la maji la kujengwa, kuona visamaki viko hai (hao ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu, ujuzi wa wazee huo). Halafu zidaka. Zidaka ni vile vishubaka vilivyopangwa ukutani kwa plasta ya chokaa, vimechongwa kwa nakshi, na ukivifuta kwa kitambaa cha maji umeviharibu, manake chokaa inanyonya. Ni brashi laini, shubaka moja moja, toka juu kuja chini. Kufikia saa tatu mkono wa kulia umeshakufa ganzi na hakuna mgeni hata mmoja aliyeingia.

Saa tatu watoto wa shule, thelathini na kitu, wamepita salama.

Saa nne ndipo siku ilipoharibika. Waliingia wageni kumi na wawili, wengine wa Nairobi wengine Wazungu, na kijana anayewaongoza safari nzima ambaye si wa hapa. Kawaida anayeongoza safari akifika mlangoni anatuachia sisi tueleze. Huyu hapana. Amesimama pale dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, sijasema hata karibuni, ameshaanza: "Hii ilikuwa nyumba ya Mwarabu tajiri." Nikamwambia kwa adabu, samahani kaka, naomba nieleze kidogo. Akaniambia usijali dada, mi naijua hii.

Sasa hilo la nyumba ya Mwarabu linaniuma kila mara nikilisikia. Nyumba hizi nyingi ni za karne ya 18. Ngome pale Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji, ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, kijiji cha hapa kisiwani, miaka ya 1810, na hapo ndipo watu wa Sultani wa Oman walipoanza kuwa na nguvu Lamu. Nyumba zilikuwepo kabla. Na ukivuka kwenda Takwa, kisiwa cha Manda hapo ng'ambo, utakuta magofu ya mawe yaleyale ya matumbawe ambayo mji wake ulihamwa tangu karne ya 17. Mawe yametoka bahari yetu, boriti zimetoka mikoko yetu, na hata upana wa vyumba umeamuliwa na boriti, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu, tatu hivi, boriti haifiki zaidi ya hapo. Majina ya kila sehemu ni yetu: daka, tekani (kibaraza cha ndani ya mlango), kiwanda, msana (ukumbi mrefu unaotazama kiwanda), ndani. Biashara na Arabuni na Bara Hindi ilikuwepo, kuoana kulikuwepo, hakuna anayekataa. Lakini huwezi kumnyang'anya mtu nyumba yake ukampa mwingine kwa sababu mlango una nakshi.

Nikayasema haya, nusu yake, huku yeye anaendelea kuongea akinifunika sauti. Tukafika ndani. Chumba cha ndani kiko nyuma ya msana, chenye zidaka nzuri kuliko zote, hapo ndipo bi harusi alipokaa, na chumba cha nyuma yake, nyumba ya kati, ndipo mtoto alipozaliwa, maiti akaandaliwa. Yeye akawaambia hapa ndipo wanawake walipofungiwa. Mama mmoja wa Kizungu akashika mdomo. Wakati namweleza yule mama kuwa ndani ndiko wanawake walikokuwa na amri yao, ndiko mambo ya ukoo yalikoamuliwa, nageuka namkuta bwana mmoja kashapanda kitanda na viatu, mwenzake anampiga picha. Kitanda cha kamba, cha zamani! Nikamshusha. Akanuna kana kwamba mimi ndiye mwenye makosa.

Kisha dada mmoja wa Nairobi, alikuwa kimya muda wote, akauliza, "Watumwa walikuwa wanalala wapi?"

Yule kiongozi akacheka, akasema hapa Lamu hakukuwa na mambo hayo, hapa ni hakuna matata tu.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikasema walikuwepo. Utumwa pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907, juzi tu, kuna wazee waliolelewa na watu waliouona. Mashamba ya ng'ambo bara yalilimwa na watumwa, na nyumba kama hizi ziliendeshwa na watumwa, maji, kuni, kupika, kubeba watoto. Yule dada akauliza kuna minyororo ya kuona? Nikamwambia minyororo sina, lakini njoo.

Nikawapeleka kisimani. Mdomo wa kisima ni jiwe la tumbawe, na kwa ndani ya ukingo kuna alama ya kamba, jiwe limelika mpaka limefanya mfereji mdogo, laini kama sabuni. Kidole kinaingia chote. Nikamwambia weka kidole chako. Akaweka, akakiacha hapo muda mrefu, wenzake wakaja mmoja mmoja nao wakaweka, hata yule bwana wa kitandani. Hakuna aliyepiga picha. Kiongozi akasema boti inangoja, wakaondoka.

Ilikuwa saa sita na robo, miguu inawaka. Nikaswali, nikala wali wa nazi na samaki, sikumbuki hata ladha.

Mchana kulikuwa na kikao. Wiki ya tatu hii tunabishana kuhusu maandishi mapya ya kuweka kila chumba, na ziara ianzie wapi. Siku zote imeanzia daka, tekani, msana, mpaka ndani, yaani njia ya mgeni wa heshima wa bwana mwenye nyumba. Mwenzangu mmoja anataka tuongeze vyombo, sahani za Uchina zijae zidaka zote, kitanda kitandikwe, nyumba ipendeze. Maalim, mkubwa wetu, yeye anaogopa neno watumwa. Akasema wajukuu wa mabwana wako mtaa huu, na wajukuu wa waliotumikishwa wako mtaa huuhuu, wanaswali safu moja, wewe unataka kuamsha fitina. Na hofu yake ni ya kweli, siidharau.

Nikamjibu kwamba bibi jirani yetu ameshanijibu hilo. Nilimuuliza wiki iliyopita, barazani kwake, na mama yake bibi huyo aliteka maji nyumba za watu. Akaniambia, "Andika mwanangu. Lakini usiandike 'watumwa' ukanyamaza hapo. Andika wakifanya nini. Mai yakitoka tini hadi yuu, nani akiyapandisha?" Kwa Kiamu chetu, yaani maji yakitoka chini hadi juu.

Na hilo ndilo nililoliweka mezani: tuyafuate maji. Ziara ianzie kisimani, iende kwenye birika, ipande ngazi mpaka jikoni juu, halafu ndiyo ishuke msana na ndani. Kitanda kibaki, zidaka zibaki, lakini mgeni akifika pale penye uzuri awe ameshajua mikono iliyoubeba. Tulibishana sijui masaa mangapi, adhana ya alasiri ilitukuta papo hapo, wageni wawili wakaingia wakatoka wenyewe. Mwisho Maalim akasema tujaribu mwezi mmoja, ila maandishi ya kisimani uandike wewe, na yasizidi maneno hamsini.

Kufunga, giza, nyumbani, kuoga. Saa nne usiku bado niko macho na simu, naandika hayo maneno ya kisimani, nimefuta mara tano. Hii ndiyo ya sita, nikamtumia Maalim:

"Weka kidole hapa. Kamba ndiyo iliyolila jiwe hili. Maji ya kisima hiki yalipikia harusi, yaliogesha watoto, yaliosha maiti. Wengi walioyavuta walikuwa watumwa wa nyumba hii. Majina yao hayakuandikwa. Panda ngazi, ufuate walikopita."

Akajibu sasa hivi: "Toa 'hayakuandikwa'. Sema 'hatujayapata', huenda kuna jamaa zao watakaosoma wakatuletea."

Nimebadilisha. Kesho saa mbili tunakutana kisimani.