Fundi alisema usi…

Juzi mwanangu wa mwisho alinibana jikoni. "Mama, kwa nini bibi akikata simu anasema 'haya, usi' halafu mnacheka?" Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikamwambia asubiri viive. Hakusubiri.

Ni ile Hilux. Wa zamani humu mnaijua, ile nyeupe ya dizeli iliyotusomesha. Ilikuwa Oktoba 2010, Moshi, pale Pasua. Neno la mjini mwaka ule lilikuwa kuchakachua. Lilianzia kwenye mafuta, watu wanachanganya dizeli na mafuta ya taa kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, na uchaguzi ulipokaribia likahamia kwenye kura. Yetu hata hayakuwa na mafuta ya taa. Yalikuwa na maji. Tulijaza tenki njiani, kituo sikitaji, na tulipoanza kupanda kutoka Himo gari ikakosa nguvu. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, ikiona mlima inatetemeka na kuzima. Ilizima mara tatu kabla ya Mwika, na kwenye dashibodi kikawaka kitaa cha njano ambacho mama alikuwa akikifunika kwa picha ya Bikira Maria, maana alisema kinamtia wasiwasi.

Tulirudi na mzigo wa ndizi za mishare kwa sababu kushuka hakudai nguvu. Tatizo lilikuwa Jumatatu. Alfajiri ile ndizi zilitakiwa ziwe soko la Kilombero, Arusha, kilomita kama themanini, na mteja alishalipa nusu. Filta mpya tulinunua. Fundi tulimkosa: alikuwa amekwenda msibani Rombo, huko karibu na mpaka ambako simu inanasa mtandao wa Kenya bila kukuuliza.

Mama akampigia. Jumapili, saa moja jioni, umeme umekatika, babu wa nyumba ya pili ametushikia tochi na maoni yake.

"Fundi, pole na msiba."

"Asante mama, shikamoo."

"Marahaba. Sasa nifundishe kubadilisha filta."

Kimya kidogo. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. Kisha akaanza, taratibu, mama akirudia kila neno kwa sauti kama karani wa mahakama, mimi ndiye mikono. Chomoa ule waya wa chini, usiuvute kwa nguvu. Filta inafunguka kwa kuzungushwa kushoto. Haikufunguka. Tukaizungushia kanga, ikateleza. Mama akaingia ndani akatoka na mkanda wa suruali wa marehemu baba, uliokuwa bado umening'inia nyuma ya mlango, akaukaza kwenye filta, tukavuta wawili. Ikaachia ghafla, dizeli ikanimwagikia hadi kwenye kiwiko. Harufu ile ilikaa kwenye ngozi siku tatu, hata kwa Omo na sukari.

Tuliyamimina yaliyokuwemo kwenye chupa ya jemu. Babu akamulika. Juu dizeli, chini maji, yamejitenga kabisa, na katikati yake utando mweusi unaoning'inia kama buibui. Mama aliitazama ile chupa muda mrefu kuliko alivyoitazama gari.

Fundi akaendelea. Kile kidude cha chini chenye waya kihamishie kwenye filta mpya, na kimpira chake kisibaki. Jaza filta mpya dizeli safi. Ule mpira mkubwa upake dizeli kwa kidole. Funga kwa mkono, mpira ukishagusa ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Halafu ile pampu ya juu, piga kwa kiganja mpaka igome, ndiyo hewa imetoka. "Na ukishamaliza hapo mama," akasema, "kabla ya kuwasha, usi…"

Simu ikakatika.

Mama akaitazama. "Salio," akasema.

Vocha ilikuwa ya jero, na duka la Mangi Jumapili lilishafungwa. Tukabaki tumesimama kuzunguka boneti, watu watatu na neno nusu. Usi nini? Babu alikuwa na hakika: usikaze kwa spana. Lakini hilo lilishapita. Mimi nilifikiri usipige stata mfululizo, itaungua. Mama akasema labda usisahau kuangalia mpira wa zamani kama haukubakia umegandia juu. Tukafungua tena, tukapapasa, haukuwepo, tukafunga tena. Babu akasema labda ni usivute sigara, akazima yake, akaiweka nyuma ya sikio. Kila "usi" mpya ilileta hofu yake. Ukiacha kujua jambo moja tu, kumbe hujui mengi.

Nikapiga pampu. Mwanzoni kile kifundo kilizama laini, kinakohoa. Nilihesabu mpaka arobaini nikapoteza hesabu, kiganja kikaanza kuchubuka. Kisha kikawa kizito, na mara kikagoma, hakishuki, kama kuna mtu kwa ndani anakisukuma juu.

Mama akaketi nyuma ya usukani. Akapiga stata kidogo, akaacha. Tena, akaacha. Mara ya tatu ikashika, ikatoa moshi mweupe, ikataka kufa, ikaamua kuishi. Akambandua Bikira Maria. Kitaa kilikuwa kimezima.

Saa kumi alfajiri aliondoka na ndizi. Kufika Jumatano kulikuwa na tone la dizeli chini ya gari, tone dogo kila usiku. Kwa hiyo mahali fulani tulikosea. Fundi aliporudi tulimuuliza alitaka kusema usi nini. Akafikiri, akakuna kichwa. "Mama, sikumbuki. Labda usisahau hela yangu."

Hiyo ndiyo hadithi niliyomsimulia mwanangu, vitunguu vikaungua. Naye, kwa kuwa haridhiki, akampigia bibi yake akaweka spika.

Mama alicheka kwanza. Halafu akasema, "Salio lilikuwepo. Mimi ndiye niliyekata."

Nikauliza kwa nini.

"Alikuwa anataka kusema usiwashe mpaka nije. Nilimsikia kwenye sauti. Na yeye alikuwa harudi mpaka Jumatano."

Sijui nimwamini. Mama ana miaka sabini na mbili, na siku hizi hadithi zake zote anazipaka rangi upya, na kila zikipakwa yeye ndiye anatoka mjanja. Lakini uso wake usiku ule, alipoitazama simu, sikuutazama. Nilikuwa naangalia filta.

"Miaka yote hii mama, mbona hukusema?"

"Uliniuliza?" akasema. "Haya, usi…" Akakata.