Vitwitwi wa Mida hawafuati saa, wanafuata maji

Ukileta wageni hori ya Mida, karibu na Watamu pwani ya Kenya, saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu, umewaleta kutazama matope. Vitwitwi na ndege wenzao wa pwani wapo, tena wengi, lakini wametawanyika mbali huko mbele, madoa ya kijivu yanayotetemeka kwa joto, na hakuna darubini itakayokuokoa. Wageni watakuwa na adabu ya kusema mandhari ni mazuri.

Hilo ndilo kosa linaloharibu ziara nyingi kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Oktoba, wakati ndege wa pwani wanaporudi kutoka Siberia, Asia ya Kati na Ghuba. Kiongozi anaweza kuwa anajua ndege vizuri kabisa. Shida ni kwamba ziara imepangwa kwa Jumamosi badala ya kwa mwezi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Ni hivyo mwaka mzima. Basi sogea mbele siku nne au tano baada ya bamvua: sasa maji yanajaa kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, na bado yana nguvu ya kutosha kufunika matope. Kwa hiyo asubuhi za kupangia ni mwezi 3 hadi 5, na mwezi 19 hadi 21, ukihesabu siku tangu mwezi ulipoandama. Ukingoja hadi mwezi 7 au 8, ama 22 au 23, umeingia maji mafu. Hayajai sawasawa wala hayapwi sawasawa, na ndege hawana kinachowasogeza kuja kwako. Kama wageni hawana siku nyingine isipokuwa ya bamvua, wapeleke alasiri, kuanzia saa saba na nusu, na uwaambie mapema kwamba watachomwa na jua.

Kuna mitego miwili midogo hapa. Jedwali la maji huandika 0810, na hiyo ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mtu akisoma haraka anatangaza saa nane na watu wanakuja mchana. Mtego wa pili ni kwamba jedwali linalotumika ni la Kilindini, bandari ya Mombasa, ilhali mlango wa Mida ni mwembamba. Maji ya ndani huchelewa, na kadiri unavyozidi kuingia ndani ya hori ndivyo yanavyozidi kuchelewa. Chomeka kijiti pembeni ya maji pale mtakaposimama, andika dakika ambayo maji yaliacha kupanda, ulinganishe na jedwali. Fanya hivyo siku tatu tofauti utapata nyongeza ya mahali pako. Au muulize mvuvi anayeshusha dau: "Mzee, maji ya leo yanasimama saa ngapi?" Jibu lake liandike pembeni ya jedwali, maana mara nyingi ndilo litakalokuwa sahihi.

Siku yenyewe, muwe mmekaa mahali penu muda wa saa tatu nzima kabla maji hayajasimama. Mmekaa, nasema, si ndiyo kwanza mnashuka garini. Saa ya kwanza ndege wako mbali na wanakula. Tumia muda huo kurekebisha darubini za watu na kuwafundisha umbo na mwendo, maana rangi haionekani vizuri bado. Saa ya pili matope yanaanza kugawanyika kuwa visiwa na makundi yanasogea. Utamu wenyewe uko katika saa na nusu ya mwisho, ndege wanapobanwa kwenye ukingo mmoja mwembamba mbele ya mikoko na kila mmoja anaonekana hadi kucha. Bamvua kubwa wakati huo huwa mfupi sana. Maji yakifunika kila kitu wanaruka wote kwenda kupumzika kwingine, na wewe hapo funga darubini. Usiwafuate kule wanakopumzika.

Njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ya Mida hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege ina ada, na fedha hizo husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Waambie wageni hilo kabla hawajauliza kwa nini wanalipa kutembea juu ya mbao. Nane kwa kiongozi mmoja ndio mwisho. Wa tisa hataona ndani ya teleskopu mpaka ndege ameondoka.

Sasa swali ambalo kila mgeni wa Agosti atauliza: hawa wamefika, au walikuwapo?

Si swali la kijinga, na viongozi wengi hulijibu vibaya. Vitwitwi wengi waliozaliwa mwaka uliopita hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Wanabaki hapahapa Mida kipindi chote cha upepo wa kusi, wakiwa kijivu, hawana haraka. Ukiwaona tarehe 25 Julai ukatangaza kwamba wahamiaji wamefika, umetangaza wenyeji. Mchukue kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kidogo, Calidris ferruginea, ndege asiyezidi sana uzito wa yai la kuku, anayezaliana kwenye nyanda za barafu za Siberia, karibu kilomita 9,000 kutoka hapa. Aliyebaki ni kijivu safi juu na mweupe chini. Aliyefika juzi ana mabaka mekundu tumboni, ya rangi ya kutu, yasiyolingana, kama shati lililomwagikiwa jiki. Hao ni wakubwa, na hutangulia: madume huacha mayai yangali yanalaliwa, majike hufuata, watoto huja wenyewe baadaye bila mtu wa kuwaonyesha njia. Ukiingia Septemba, tafuta wenye mgongo uliopangika kama magamba ya samaki, kila unyoya na ukingo wake mweupe, na kifua chenye wekundu hafifu wa udongo. Ndio watoto wa mwaka huu. Siku ya kwanza ya kuwaona iandike, kwa sababu mwaka ambao hawaji, au wanakuja wachache, umekwambia kitu kuhusu mayai ya Siberia.

Kuna ndege mmoja ambaye hahitaji maelezo yote hayo, na mgeni akiondoka bila kumwona lazima uwe na sababu nzuri. Ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu kama bluu, mdomo mweusi mnene ambao ungedhani ameazimwa na ndege mkubwa zaidi. Hana ndugu, yuko peke yake katika ukoo wake. Hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, yai moja tu kwa kawaida, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilalia. Kuanzia Agosti wanateremka kwetu. Mtazame anavyokula: hatua tatu nne za haraka, anasimama wima, anatulia, kisha anachupa. Kaa mdogo anamezwa mzima. Mkubwa anapigwapigwa na mdomo mpaka miguu itoke. Mara nyingi nyuma yake kuna mwingine wa kijivujivu mgongoni, kichwa chini, anapiga mluzi bila kukoma. Huyo ni mtoto, amesafiri na mzazi hadi Mida na bado anaomba kulishwa. Wageni humhurumia mtoto. Walio wazazi humhurumia mwingine.

Wengine nitawapitia upesi. Sululu ana mdomo wa jina lake, uliopinda kama sululu ya kuchimbia, na hulia mluzi wa haraka unaojirudia mara saba hivi kabla hujamwona. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa, na hukimbia ameinama kama mtu anayefukuza kuku aliyeingia jikoni. Mwendo huo peke yake unatosha kumtaja kwa mbali.

Wanaosumbua ni ndugu wawili wenye mdomo mfupi na kifua cheupe, Anarhynchus (zamani Charadrius) wakubwa na wadogo wa mchangani, wanaochanganyika kundi moja. Kwa ukubwa peke yake utakosea, kwa sababu aliye mbele kila mara huonekana mkubwa. Pima mdomo kwa macho: kwa yule mkubwa ni mrefu kuliko umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na umechongoka; kwa mdogo ni mfupi na butu. Miguu ya mkubwa huelekea kijani hafifu, ya mdogo ni kijivu cheusi, ila ikiwa na matope yote ni ya rangi ya matope, kwa hiyo usitegemee hiyo peke yake. Aliyesimama pekee, mbali, bila wa kulinganisha naye, mwandike "mmojawapo" na uendelee. Kiongozi anayetaja kila ndege bila kusita anabahatisha.

Vifaa. Darubini za mkono za 8x42 zinatosha na zinawafaa wote. Za 10x zinakuza na mtetemo wa mkono pia. Teleskopu ni lazima, moja kwa kila watu sita, na anza na ukuzaji wa 20 hadi 30. Ukipandisha hadi 60 baada ya saa nne asubuhi, unachokuza ni joto. Agosti kusi bado linavuma, na miguu mitatu ya teleskopu iliyonyooshwa mpaka juu hutetemeka kiasi cha kumchosha mtu macho. Ishushe, mtu akae kwenye kigoda, na mfuko wenye chupa za maji uning'inize katikati ya miguu. Ikifika mwisho wa Septemba upepo unalegea na tatizo linaondoka lenyewe.

Mkishuka matopeni, kandambili zitabaki humo na mabuti ya mpira yatajaa. Viatu vya zamani vya turubai vilivyofungwa kamba ndivyo vinavyorudi na mwenyewe. Miguu mitupu hapana: chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na nguo zisiwe nyeupe.

Kuhusu umbali, sipendi kutoa mita, kwa sababu ndege waliokwisha kufukuzwa na mbwa asubuhi hiyo hawatakuruhusu hata nusu ya umbali wa jana. Tazama vichwa. Wakiacha kula wakanyoosha shingo, umeshapita mpaka. Simama, rudi hatua mbili, ngoja wainamishe. Usiwaendee moja kwa moja. Pita kwa mshazari kama mtu mwenye shughuli zake. Ndege wa Agosti amefika mwili umekwisha na anaanza kubadilisha manyoya ya mabawa. Kila mruko unaomlazimisha kwa ajili ya picha anaulipa kwa mafuta aliyokuja kuyatafuta. Na droni ibaki hotelini.

Kuhesabu ni kazi wageni wanaipenda kuliko inavyodhaniwa, mradi uwafundishe. Hesabu kumi, mmoja mmoja. Shika machoni ukubwa wa hao kumi, kisha pima kundi lote kwa kumi kumi, kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja. Watu wawili wahesabu bila kuambiana, halafu walinganishe. Wakitofautiana sana, kosa karibu kila mara ni wadogo waliojificha nyuma ya miguu ya wakubwa. Hesabu tena ndege wakiruka, maana hapo hakuna anayemficha mwenzake. Ukiona pete mguuni, andika mguu wa kushoto au kulia wa ndege, si wako, juu au chini ya goti, rangi kutoka juu kwenda chini, na herufi kama zipo. "Alikuwa na pete nyekundu" haimsaidii mtu yeyote.

Mkiwa na siku ya pili, nendeni mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, na mwende kabla Septemba haijaisha. Pale kuna jambo ambalo Mida haliko. Glareola ocularis, ndege wa kahawia anayekamata wadudu hewani kama mbayuwayu, huzaliana Madagaska na hukaa kwetu kuanzia karibu Aprili. Septemba anajiandaa kurudi kusini. Kwenye kisiwa kimoja cha mchanga, katikati ya buabua na shakwe, utamkuta amelala anayeondoka kwenda Madagaska, na hatua chache kutoka kwake vitwitwi waliofika juzi kutoka Siberia. Anzeni mapema, saa kumi na mbili na nusu mwe mmefika, kabla upepo haujaanza kurusha mchanga kwenye vioo, na msivuke mikono ya mto bila mwenyeji anayejua kina cha siku hiyo, kwa kuwa mchanga wa mdomoni huhama.

Wanaotaka wahamiaji wa msituni na wa vichakani msimu huu watavunjika moyo. Mbayuwayu wa Ulaya huanza kuonekana Septemba, keremkerem huja kwa makundi kuelekea Oktoba, na wale wanaopita usiku kwenye ukungu wa Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, ni wa Novemba na Desemba. Wape wageni hao tarehe hizo. Kwa sasa tafuta mwezi 19 uko lini, utoe siku za Jumamosi kichwani, na uwaambie watu walale mapema.